Kabla Hujasema Mazabodi Imekufa

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi wa kompyuta, walimu wanaosimamia vyumba vya kompyuta katika shule za sekondari, na vijana wanaojifunza ufundi. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyosemwa. Picha tulizoonesha ukutani nimeziacha, na pale zilipohitajika nimeeleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, nanyi vijana mliokaa nyuma na bisibisi zenu mifukoni, nawasalimu nyote kwa heshima. Najua wengine mmefunga vibanda vyenu tangu asubuhi ili muwe hapa, na kwa fundi anayelipwa kwa kazi aliyoimaliza, kufunga kibanda siku ya Jumamosi ni gharama. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia katika kazi hii kuliko sentensi nyingine yoyote, na ninaamini kila mmoja wenu ameisikia, na wengine wenu mmeisema. Sentensi hiyo ni hii: «Mazabodi imekufa,» yaani ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote vya kompyuta. Kompyuta ya mezani ilizimika, fundi akaipima, akaona kwamba pawasaplai, lile boksi linaloipa mashine umeme, imeungua, akanunua nyingine, akaifunga, akabonyeza kitufe, na mashine ikakataa kuwaka. Hapo fundi anainuka, anajifuta mikono, anamtazama mwenye mali na kumwambia kwamba mazabodi imekufa. Mwenye mali hana namna ya kubisha. Anakwenda kutafuta fedha, au anaiweka mashine stoo, na huko stoo inakaa miaka.

Nawauliza, ndugu zangu: fundi huyo amejuaje? Amepima nini? Ameangalia wapi? Mara nyingi hakupima chochote. Amesema mazabodi imekufa kwa sababu ndiyo kitu alichobaki nacho mbele ya macho yake. Mimi nasema hivi, na nitalirudia kabla sijashuka hapa: kompyuta inayokataa kuwaka baada ya kubadilishiwa pawasaplai, mara nyingi sana inalalamikia kitu kilichoguswa au kilichosahauliwa na mikono yetu katika ile nusu saa ya kufunga. Kabla hujaihukumu mazabodi, ufuate umeme. Anza ukutani, pita kila mahali unapopita umeme, usiruke hata kituo kimoja.

Niwasimulie kisa cha shule moja. Sitaitaja, wala sitataja wilaya yake. Niliitwa kuangalia kompyuta kumi na moja zilizokuwa zimerundikwa nyuma ya maktaba, na mwalimu wa taaluma aliniambia kwamba sita kati yake zilikuwa zimebadilishiwa pawasaplai na fundi aliyepita, na zote sita zilikufa mazabodi. Sita zote! Nikajiuliza, ugonjwa gani huu unaoua mazabodi sita kwa mkono wa fundi mmoja? Nikachukua ya kwanza, nikaichomeka, nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ya mbele ikawaka, skrini ikabaki nyeusi kama usiku usio na mwezi. Nikafungua ubavu wa kasha, na kabla hata sijashika mita ya kupimia umeme nikaona plagi ndogo ya mraba yenye matundu manne, waya mbili za njano na mbili nyeusi, imefungwa vizuri kwa kamba ya plastiki pamoja na nyaya zisizotumika. Karibu na prosesa, ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, palikuwa na soketi ya mraba ya matundu manne, tupu, yenye vumbi. Nikakata kamba, nikachomeka, nikabonyeza kitufe, na skrini ikawaka. Nikaenda ya pili, ikawa vilevile. Katika zile sita, tano ziliamka kabla ya chakula cha mchana, na ya sita ilikuwa na hitilafu ya kweli, kapasita zake, vile vijenzi vidogo vinavyohifadhi umeme, karibu na prosesa zilikuwa zimevimba vichwa na nyingine zimetoa uchafu wa kahawia.

Sasa msimcheke fundi yule, tafadhali. Tuulize kwa nini alikosea, maana kosa lake lina historia, na anayeijua historia hiyo hawezi kulirudia. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpangilio unaoitwa ATX, ambao ndio tunaoutumia mpaka leo katika kompyuta nyingi za mezani. Wakati ule pawasaplai iliunganishwa na mazabodi kwa plagi moja kubwa ya matundu 20, na fundi akiichomeka hiyo, kazi imekwisha. Prosesa ilikuwa inakula umeme kidogo, ikipewa kutoka kwenye njia ya volti 5. Kisha prosesa zikaanza kula zaidi. Pigeni hesabu pamoja nami: prosesa inayokula wati 60 ikilishwa kwa volti 5 inahitaji ampia 12, lakini ikilishwa kwa volti 12 inahitaji ampia 5 tu. Ampia zikipungua, nyaya na plagi hazipati joto. Kwa hiyo mwaka 2000, zilipokuja Pentium 4, prosesa ilipewa mlango wake yenyewe, plagi ya matundu manne ya volti 12. Baadaye ile plagi kubwa nayo ikaongezwa kutoka matundu 20 hadi 24, na ile ndogo katika mashine zenye nguvu ikawa ya matundu manane, ambayo mara nyingi huja imegawanyika, manne na manne.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba plagi kubwa inaamsha mazabodi, feni na taa, lakini hailishi prosesa. Feni zinazunguka, nawe unadhani mwili wote una damu, kumbe kichwa hakijapata hata tone. Feni kuzunguka si uhai wa prosesa. Nalirudia kwa ajili ya vijana wa nyuma: feni kuzunguka si uhai wa prosesa.

Na hapa naomba mnivumilie nieleze kinachotokea kati ya pawasaplai na mazabodi tunapobonyeza kitufe, kwa sababu fundi akiyaelewa mazungumzo hayo, hahitaji kukariri orodha yoyote. Pawasaplai ikishachomekwa ukutani na swichi yake ya nyuma ikiwa imewashwa, hata kabla ya kubonyeza kitufe, waya mmoja wa zambarau unabeba volti 5. Huo haulali usingizi. Ndio unaoifanya mazabodi iwe macho kidogo, ikisubiri kitufe. Ukibonyeza kitufe, mazabodi inaushusha waya wa kijani hadi sifuri, na hiyo ndiyo ishara ya kuiambia pawasaplai iwashe njia zote: njano volti 12, nyekundu volti 5, machungwa volti 3.3. Pawasaplai haikubali mara moja kwamba mambo ni mazuri. Inasubiri njia zake zitulie, kisha kati ya milisekunde 100 na 500 inatoa volti 5 katika waya wa kijivu, kana kwamba inasema: sasa umeme ni safi, endelea. Mpaka waya wa kijivu useme hivyo, mazabodi inaizuia prosesa isianze.

Mmeona jinsi maswali yanavyojipanga yenyewe? Mashine imekufa kabisa, hakuna feni, hakuna taa: pima zambarau. Kama hakuna volti 5, tatizo liko nyuma ya hapo, yaani kwenye pawasaplai yenyewe, swichi yake ya nyuma, kebo ya umeme, fyuzi iliyo ndani ya plagi yetu ya pini tatu, au soketi ya ukutani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wapo mafundi waliohangaika siku nzima na mazabodi bila kuinama kuangalia kwamba swichi ya nyuma iko upande wa sifuri. Kama zambarau ina volti 5 lakini kijani hakishuki unapobonyeza, basi huenda kitufe hakijaunganishwa. Wakati wa kutoa pawasaplai ya zamani mkono umevuta vile vijiwaya vyembamba vya mbele ya kasha. Gusanisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za kitufe, kwa sekunde moja tu, uone kama mashine itaamka. Kama kijani kinashuka na feni zinazunguka kwa kufumba na kufumbua kisha zinasimama, pawasaplai imeona shoti mahali fulani na imejilinda, na hapo unaanza kuchomoa kimoja kimoja: diski, kadi ya picha, vitu vya USB, mpaka ibaki mazabodi, prosesa na kipande kimoja cha RAM, ile kumbukumbu ya muda. Usisahau skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi. Skrubu moja ndogo imewahi kunipotezea jioni nzima.

Wale mnaotumia kipande cha waya kuunganisha kijani na nyeusi ili kuona kama pawasaplai inawaka ikiwa mezani peke yake, endeleeni, lakini mjue jaribio hilo linasema nini. Linasema kwamba inaweza kuanza. Halisemi kwamba inaweza kubeba mzigo. Pawasaplai dhaifu itazungusha feni yake mezani vizuri kabisa, kisha ikipewa prosesa na kadi ya picha, volti 12 zinaporomoka hadi 10 na kitu, na mashine inazimika. Mpangilio wa ATX unaruhusu asilimia 5 juu au chini katika njia hizo kubwa, kwa hiyo njano isishuke chini ya 11.4 wala isipande juu ya 12.6, na nyekundu iwe kati ya 4.75 na 5.25. Pimeni mashine ikiwa inafanya kazi, kwa mita, kutoka nyuma ya plagi iliyochomekwa. Mita ya bei nafuu inatosha kwa kazi hii.

Jambo la usalama nitalisema mara moja tu, lakini nalisema kwa uzito wote. Pawasaplai isifunguliwe na mtu ambaye hakufundishwa kuifungua. Kwa umeme wetu wa volti 230, ndani yake kuna kapasita inayoshika volti zaidi ya 300, na inaweza kuendelea kuzishika hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kijana, mama yako anakusubiri nyumbani. Pawasaplai ikiungua, itoe, weka nyingine.

Nije kwenye jambo la pili, ambalo linaniuma kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza linapoteza fedha tu. Jambo lenyewe ni hili: plagi kuingia haimaanishi kwamba plagi inafaa.

Kijana mmoja, fundi mwenye bidii na mikono safi, aliletewa kompyuta ya mpiga picha wa harusi. Pawasaplai ilikuwa ya aina ile ambayo nyaya zake hazikushikamana nayo moja kwa moja, bali zinachomekwa upande wake kwa plagi, ili mtu atumie zile anazozihitaji tu. Ilikuwa imeungua. Mteja alinunua mpya, nayo ya aina hiyohiyo ya nyaya za kuchomoa, lakini ya kampuni nyingine. Kijana akatazama ndani ya kasha, akaona fundi aliyetangulia alivyozipanga nyaya, zimelala vizuri, zimefungwa kila baada ya sentimita chache. Akafikiri, kwa nini nivuruge kazi nzuri? Akaacha nyaya za zamani mahali pake, akaondoa boksi la zamani, akaweka boksi jipya, na kuzichomeka nyaya za zamani kwenye boksi jipya. Ziliingia. Zilibana vizuri. Hakuna hata moja iliyogoma.

Akabonyeza kitufe. Pakatoka harufu. Diski mbili zilizokuwa na harusi za miaka minne zikanyamaza.

Nini kilitokea? Upande wa mazabodi na upande wa diski, katika mashine zinazofuata ATX, mpangilio wa nyaya umekubaliwa na watengenezaji, na hapo tunaweza kuamini macho. Lakini upande wa boksi la pawasaplai hakuna makubaliano hayo. Kila kampuni hupanga inavyotaka, na hata kampuni moja inaweza kubadilisha kati ya toleo moja na jingine. Plagi zinafanana umbo, pini zinafanana idadi, lakini pale ambapo boksi la zamani lilitoa volti 5, boksi jipya linatoa volti 12. Vifaa vya diski vilivyozoea volti 5 vikapokea 12. Hakuna skrini nyeusi inayoelezea jambo hilo, hakuna mlio. Kuna harufu tu.

Walimu wangu, kijana yule alikaa mbele yangu akilia, na hakuwa analilia fedha. Alikuwa ameambiwa kwamba miongoni mwa zile harusi kuna moja ambayo bibi harusi alikuwa amekwisha kufariki, na familia yake haikuwa na picha nyingine. Nilichukua zile diski mbili. Moja ilikuwa na kijenzi kidogo cha ulinzi kwenye ubao wake, ambacho kilijitoa mhanga na kuziba njia ya umeme. Mtaalamu wa kuokoa data alikiondoa, na diski ile ikasomeka. Ya pili haikusomeka hadi leo. Sijui ile harusi ilikuwa kwenye ipi, sikupata moyo wa kuuliza.

Kwa hiyo nasema kwa sauti: ukibadilisha boksi, badilisha na nyaya. Zote. Hata kama za zamani zimelala vizuri, hata kama mpya ni fupi, hata kama mteja ana haraka. Nyaya za boksi moja ni za boksi hilo. Zikibaki nyaya za ziada, zifunge pamoja, uziandikie zilitoka kwenye pawasaplai gani, na usiziweke katika ndoo moja na nyingine.

Katika jambo hilohilo kuna mtego mwingine unaotuhusu sana sisi wa huku, kwa sababu kompyuta nyingi tunazofanyia kazi ni zile zilizotumika katika maofisi ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, zikashushwa kwenye makontena. Mashine hizo ni imara, nazipenda. Lakini nyingi hazifuati ATX katika plagi kubwa. Dell OptiPlex 9020 ina plagi kuu ya matundu manane, HP EliteDesk 800 ya kizazi cha kwanza ina ya matundu sita, na Lenovo ThinkCentre nyingi zina ya matundu 14. Mazabodi zake zinapokea volti 12 na kujitengenezea zenyewe volti nyingine. Fundi akileta pawasaplai ya kawaida ya dukani, anakuta plagi haiingii, na hapo afadhali, kwa sababu kutoingia kunamlinda. Zipo kebo za kugeuza, na zilizotengenezwa vizuri zinafanya kazi, mradi uhakikishe kwamba zimeandikwa jina la mashine hiyohiyo unayoifunga. Hatari kubwa ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo kampuni moja kubwa ya Marekani ilitumia plagi yenye umbo lilelile la matundu 20, huku mpangilio wa nyaya ndani yake ukiwa tofauti. Iliingia vizuri kabisa, na iliunguza vizuri kabisa. Mashine hizo sasa ni chache, lakini somo lake lingalipo: soma kibandiko cha pawasaplai iliyotoka kabla hujanunua inayoingia.

Na zipo bado pawasaplai zenye kile kiswichi chekundu nyuma, kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Mashine iliyotoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, huja ikiwa imewekwa 115. Ndugu mmoja alimletea mdogo wake kompyuta kutoka huko, na pawasaplai ya akiba ndani ya sanduku. Ile ya kwanza ilikuwa ya kisasa, isiyo na kiswichi, inayojirekebisha yenyewe kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo ilifanya kazi mwaka mzima bila shida. Ilipoharibika wakaweka ile ya akiba. Nani angefikiria kutazama kiswichi, wakati mashine ileile ilikuwa ikiwaka kwenye soketi ileile? Walipoiwasha ulisikika mlipuko uliowatoa watoto nje. Kiswichi kikiwa 115, mzunguko wa ndani unazidisha umeme mara mbili ili kufidia udogo wa volti za Marekani. Kwenye 230 zetu, kapasita zilizotengenezwa kwa volti 200 kila moja zinajikuta zimebebeshwa zaidi ya 300. Kagua kiswichi kabla ya kuchomeka, na ukishakiweka 230, kibandike utepe ili mtoto asikichezee.

Sasa tuje kwenye mashine ambayo imewaka. Naam, imewaka, skrini ina maandishi, lakini haiendi mbele. Inasema haioni diski ya kuanzia, au Windows inaanza kisha inaangukia kwenye skrini ya bluu. Hapa fundi wengi mnapumua kwa kufarijika, mnasema pawasaplai ni nzima, mazabodi ni nzima, kumbe ni Windows tu, lete diski tuweke upya. Ndugu zangu, hapa ndipo nawaomba mkae kitako.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alibadilishiwa pawasaplai. Mashine iliwaka ikaonesha skrini ya bluu. Fundi akamwambia Windows imeharibika kwa sababu umeme ulikatika ghafla, akaifuta diski na kuweka mfumo mpya. Ndani ya diski ile mlikuwa na daftari la wadeni wake, wote, na mama yule hakuwa na nakala. Aliniambia kitu ambacho nimekihifadhi: «Mwanangu, mashine yangu ilikuwa mgonjwa wa tumbo, mkamkata kichwa.»

Nilipoikagua mashine, saa yake ilionesha mwaka 2010. Nikapima ile betri ndogo ya mviringo, CR2032, ambayo ikiwa mpya ina volti 3 au zaidi kidogo. Ilikuwa chini ya 2. Hapo kila kitu kikajieleza. Betri ile ilikuwa imekufa zamani, pengine mwaka au zaidi, lakini hakuna aliyejua, kwa sababu mashine ya duka haichomolewi ukutani. Wakumbukeni wale volti 5 wa zambarau ambao hawalali: wao ndio waliokuwa wanazitunza kumbukumbu za BIOS, ile programu ndogo ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine, badala ya betri. Siku fundi alipochomoa kebo ili abadilishe pawasaplai, zambarau ikazimika, betri haikuwa na kitu, na BIOS ikasahau mipangilio yake yote na kurudi kwenye ile ya kiwandani. Moja ya mipangilio hiyo ni namna ya kuzungumza na diski. Windows iliwekwa diski ikizungumza kwa namna moja, sasa inaamka na kukuta namna nyingine, haiitambui diski yake yenyewe, inaanguka na kuandika alama inayoishia na 7B. Hakuna kilichoharibika. Dawa yake ilikuwa betri mpya, kuingia BIOS, kurekebisha saa na kurudisha mpangilio wa diski kati ya AHCI, RAID au IDE kama ulivyokuwa. Kazi ya dakika kumi.

Na kabla hata ya BIOS, je, umeangalia kebo ya data ya diski? Ile nyembamba ya SATA, hasa isiyo na kishikizo cha chuma, inachomoka ikiguswa na kiwiko tu, nawe umepitisha mikono yako yote miwili humo ndani ukivuta mafungu ya nyaya. Umeangalia kama diski yenyewe imepewa umeme? Umesukuma RAM mpaka vishikizo vyake vikalia? Kama mashine ina kadi ya picha yenye plagi yake ya umeme, umeichomeka? Soketi ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75 pekee. Kadi inayohitaji zaidi bila plagi yake haitaonesha picha. Na ile plagi ya matundu manane ya kadi ya picha si ile ya matundu manane ya prosesa, ingawa zinafanana kwa mtu mwenye haraka; ya prosesa hugawanyika manne na manne, ya kadi hugawanyika sita na mawili. Ikigoma kuingia usiilazimishe. Inagoma kwa sababu.

Niseme kidogo tu kuhusu mazabodi iliyokufa kweli, maana zipo, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimesema hazifi. Pawasaplai mbaya ikifa inaweza kufa na wengine. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja, hata kabla ya kufungua skrubu, liwe: ilizimikaje? Ilizimika kimya? Ilitoa mlio au moshi? Umeme ulikuwa umekatika na kurudi? Iliyozimika kimya mara nyingi huacha wenzake salama. Iliyotoa moshi, itazame mazabodi kwa tochi kabla hujaiwekea pawasaplai mpya, utazame kapasita zilizovimba, alama za kuungua karibu na prosesa, plagi iliyoyeyuka. Na ukiwa umefuata umeme wote, umebakiza mazabodi, prosesa na RAM moja juu ya kadibodi mezani, pawasaplai unayojua ni nzima, kipaza mlio, kile kispika kidogo ambacho mazabodi hukitumia kulalamika, kimechomekwa, RAM umeibadilisha na kuihamisha, na bado hakuna mlio wala picha, hapo sema. Hapo una haki ya kumtazama mteja machoni na kumwambia mazabodi imekufa, kwa sababu umeuona mwili.

Mwenyekiti ananionesha saa, nami nimemwona. Kwenye meza ile ya dirishani kuna mashine tatu, na zote tatu jana zilikuwa zinawaka. Nimezibadilishia pawasaplai mimi mwenyewe, na katika kila moja nimeacha kosa moja ambalo nimelikuta kwa wateja, ila hakuna litakalounguza kitu. Hakuna hata moja iliyokufa mazabodi. Jigaweni wanne wanne, walimu wachanganyike na vijana, mita ziko kwenye sahani. Mashine ya kushoto ianze, na yeyote atakayeshika bisibisi kabla hajatazama ukutani nitamwomba aipeleke kwa mwenzake.